Mtoto anayetafuna nguo si mlozi: tumpe muwa

Wasikilizaji wetu wa Kolwezi na wote mnaosoma ukurasa huu kwa simu, toka Manika na Dilala mpaka Kapata, Luilu na Fungurume, wengine kati yenu mko kwenu. Wengine mnalala watu saba katika chumba kimoja cha ndugu, kwa sababu vita ao mgodi uliwaondoa mlipokuwa. Maneno ya leo ni ya wote, lakini ninayaandika kwanza kwa hao wa chumba kimoja.

Leo sitazungumza bei ya kobalti wala mashimo ya barabara. Nitazungumza kinywa cha mtoto.

Mwaka jana mwalimu wa mtoto wangu aliniita. Kijana ana miaka saba. Mwalimu akanionyesha shati lake jeupe la masomo: kola imetafunwa mpaka imekuwa kama kitambaa cha kuoshea sahani. Biki zake zote zimebanwa nyuma kama zimepita chini ya gari. Mwalimu akaniuliza, mbele ya watoto wengine: «Baba, huyu mtoto ana njaa ao hana adabu?»

Nilisikia haya. Nilipofika nyumbani nilimchapa. Ninaliandika neno hilo bila kujisifu, kwa sababu najua si mimi peke yangu. Kesho yake alienda masomo na shati lingine, akarudi na kola imelowa mate. Nikampaka pilipili kwenye vidole na kwenye kola, kama wazazi wengi wanavyofanya. Alilia, akaosha, akaendelea.

Kisha ikaja siku moja ya mwezi wa sita, katikati ya kiangazi. Mnakijua kiangazi chetu. Malori ya madini yanapita usiku na mchana, na asubuhi unaweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya meza. Niliingia chumbani nikamkuta kijana amesimama dirishani, analamba vyuma vya dirisha. Ulimi wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi. Siku ile fimbo ilinianguka mkononi. Niliogopa.

Aliyenisaidia kwanza hakuwa daktari. Ni mama yangu, nkambo wa mtoto, aliyekuja kututembelea toka kijijini upande wa Mutshatsha na fungu la miwa kichwani. Alimtazama mjukuu wake muda kidogo, akachukua kisu, akamenya kipande, akampa. Kijana alikaa kwenye kizingiti cha mlango. Alitafuna, akafyonza, akatema makapi, akachukua kingine. Karibu nusu saa hakugusa kola. Baadaye akafungua daftari mwenyewe, bila kuambiwa. Nkambo akasema tu: «Meno ya huyu mtoto yanatafuta kazi. Ninyi wa mjini mnampa biskuti, biskuti haina kazi.»

Nilicheka. Baadaye nilimuuliza kine mmoja wa hapa mjini, mtu anayenyoosha miguu na mikono ya watoto wenye ulemavu, na aliniambia kwamba nkambo amesema kweli. Alinieleza hivi, nami nawapa kama nilivyoelewa.

Kinywa si mlango wa chakula tu. Ulimi, midomo, ufizi na misuli ya taya vinapeleka habari nyingi sana kwenye ubongo: joto na baridi, laini na ngumu, uchungu na utamu, na nguvu ya kubana. Mtoto mchanga anaanza kuijua dunia kwa kinywa kabla ya mikono yake kujua kushika. Ndiyo sababu kila kitu anakipeleka huko. Watoto wengi wanaacha polepole kadiri wanavyokua. Wengine hawaachi. Mwili wao unataka bado kusikia kitu kigumu kati ya meno ili utulie, uwe macho, usikilize mwalimu. Mtu mkubwa naye anafanya hivyo hivyo: tazama dereva wa lori anayetafuna chinga asubuhi mpaka jioni, ama mimi mwenyewe ninayeuma biki dakika tano kabla ya habari. Hakuna anayetuchapa.

Mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Jean Ayres ndiye aliyeanza kuandika mambo haya kwa mpango, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1972. Wataalamu bado wanabishana juu ya dawa na mazoezi yaliyotoka katika mafundisho yake, yanasaidia watoto gani na kwa kiasi gani. Lakini hata wanaobishana hawakatai jambo lenyewe: kuna watoto ambao vinywa vyao vinatafuta sana, na kuna wengine ambao vinywa vyao vinakimbia. Hao wa pili ni wale wanaotapika wakiguswa na uzi wa sombe ulimini, ao wanaokula bukari peke yake bila mboga. Kati ya watoto wenye otizimu utawakuta wa namna zote mbili, na utawakuta pia kati ya watoto wasio na ugonjwa wowote.

Ulaya na Marekani wanauza mikufu ya mpira ambayo mtoto anavaa shingoni na kuitafuna. Sisi hatuna duka hilo. Tuna muwa. Na kwa mawazo yangu muwa ni bora, kwa sababu unaliwa.

Sasa mtu ataniuliza: watoto wametafuna nguo tangu zamani, mbona leo unapiga kelele? Ninapiga kelele kwa sababu tunakaa Kolwezi. Kwingine, mtoto anayelamba dirisha analamba vumbi. Hapa analamba mgodi.

Jambo hili limepimwa. Wengi mnakumbuka Kasulo, namna watu walivyoanza mwaka 2014 kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, uani, hata sebuleni, mpaka mwaka 2017 sehemu ya wakaaji ikahamishwa na ukuta ukajengwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiongozwa na profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakaaji wa Kasulo na kutangaza matokeo mwaka 2018. Watoto wa pale walikuwa na kobalti mara kumi zaidi katika mkojo kuliko watoto waliokaa kwingine. Watoto, ambao hawakuwa wachimbaji, walizidiwa kwa sababu wanacheza chini na mikono yao inaenda kinywani.

Basi fikiri juu ya mtoto ambaye mkono wake unaenda kinywani mara mbili ya wengine. Fikiri juu ya yule anayekula udongo wa ukuta, ao anayeiba pemba ya mama yake mjamzito. Pemba ile nyeupe inauzwa sokoni kwetu kama karanga, na hakuna anayejua imechimbwa wapi. Nchini Uingereza, idara ya serikali inayolinda chakula imeonya wanawake wajawazito wasile udongo wa namna hiyo, kwa sababu vipimo vilikuta ndani yake risasi na aseniki. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema yale madini mazito ambayo Wafaransa wanaita plomb, ambayo yakiingia katika mwili wa mtoto yanaharibu akili yake polepole, bila kelele.

Kwa hiyo ninachodai leo ni kitu kimoja. Mtoto ambaye kinywa chake kinatafuta, usimkataze tu. Umpe kitu safi cha kutafuna, ukichague kwa akili, umpe kwa saa yake. Ukimnyang'anya kola bila kumpa kitu kingine, atachukua udongo.

Kabla ya kusema kitu gani, niseme neno kwa familia zilizohama. Mama mmoja alikuja redioni kwetu baada ya kipindi juu ya vumbi. Familia yake imehama mara mbili. Binti yake wa miaka minne alianza kula plasta ya ukuta wa nyumba ya shangazi, miezi michache baada ya kufika. Mbele ya kuhama hakufanya hivyo. Nilimuuliza nini kilibadilika. Akahesabu kwa vidole: hakuna tena uwanja, hakuna mwembe, hakuna jiko lake mwenyewe ambapo mtoto alipewa kipande cha muhogo wakati mama anamenya. Siku hizi mtoto anakaa chumbani, na chakula kinakuja mara moja, laini, jioni.

Mara nyingi mtoto aliyehama anarudi nyuma: anafyonza tena kidole, anauma nguo, anakojoa kitandani. Mwili unatafuta kitu kinachotuliza. Hilo si aibu ya mama. Lakini katika nyumba ya watu, kila kitu cha mtoto kinahesabiwa. Shangazi alianza kusema kwamba binti anakula nyumba. Jirani akasema mtoto anayekula udongo usiku anakula na wenzake tusiowaona. Kisha wakampeleka kwenye chumba cha maombi, na pale wakaambiwa mtoto ana ulozi, afunge siku tatu.

Mtoto wa miaka minne, mwenye njaa ya kinywa, anafungishwa chakula ili aache kula ukuta. Mnaona?

Sitataja chumba hicho. Nitataja sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu mtu anayefanya hivyo. Wachungaji wengi wema wanalijua hilo na wanamwambia mama aende hospitali kwanza. Hao ninawapa mkono. Wale wengine wajue kwamba wakisema «mlozi» juu ya mtoto anayetafuna, wanavunja sheria ya Jamhuri, na zaidi ya hapo wanaweza kumfukuzisha mtoto barabarani. Tunawaona watoto hao kandokando ya masoko yetu. Wengine walianza na neno dogo kama hilo.

Sasa tuingie sokoni. Kinywa kinachotafuta hakitafuti kitu kimoja, na hapa ndipo wazazi wengi tunakosea. Tunatoa bombo. Bombo inayeyuka, inaharibu meno, na baada ya dakika mbili mtoto amerudi kwenye kola. Mtazame mtoto wako kwanza siku mbili ama tatu. Anafanya nini hasa?

Kama anabana na kuvuta, yaani anauma nguo, kamba ya mfuko, biki, huyo anataka kazi ngumu ya taya. Mpe muwa uliomenywa na kukatwa vipande virefu, avute mwenyewe kwa meno. Mpe chikwangue iliyokazana. Mpe kikanda, kile chakula chetu cha Katanga kinachotengenezwa kwa mizizi ya porini na unga wa karanga: kinakatika kama nyama, kinajaza mdomo, na watoto wengi wanakipenda. Mwambie mwenye kuuza asizidishe pilipili. Mwezi wa pili na wa tatu, mahindi mapya ya kuchoma yanafanya kazi ile ile, mradi mtoto ang'ate mwenyewe kwenye gunzi, usimpukuchulie.

Kama anapenda kitu kinacholia kati ya meno, anavunja vijiti, anatafuna mchanga, mpe kinacholia: karoti mbichi, tango, ukoko wa bukari uliokaushwa motoni, vinkubala vya kukaanga wakati wa masika. Vinkubala vina protini nyingi pia, kwa hiyo mtoto anashiba na kinywa kinafurahi.

Kama anafyonza, kidole ao pindo la blanketi, mpe cha kufyonza: embe lililoiva, lilainishwe kwa mikono, litobolewe juu, anyonye. Uji mzito ama munkoyo mtamu ambao haujachacha, kwa mrija mwembamba, ili mashavu yafanye kazi. Muwa tena, kwa sababu muwa una yote mawili, kutafuna na kufyonza.

Na kama analamba, dirisha, betri ya redio, mkono wake wenye jasho, labda anatafuta ladha kali: embe bichi na chumvi kidogo, limao, kipande kidogo cha tangawizi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja maembe mabichi yanaanguka bure, watoto wote wanayajua.

Mihogo nimeiacha mwisho kwa makusudi. Muhogo mbichi na karanga ni chakula cha barabarani cha Kongo nzima, na kwa taya ni kazi nzuri sana. Lakini uwe muhogo mtamu, ambao wewe ama muuzaji anayejulikana anaujua. Muhogo mchungu una sumu. Usipolowekwa na kukaushwa vizuri unaleta ugonjwa wa konzo, ule unaolemaza miguu, ambao wenzetu wa Kahemba, katika Kwango, wanaujua kwa machozi. Kama huna hakika, acha.

Kuna hatari nyingine, na nazo niziseme bila kuzunguka. Karanga nzima, bisi za mahindi na bombo ngumu, usimpe mtoto chini ya miaka mitano. Zinaingia kwenye koo la pumzi na kumuua kabla ya kufika hospitali. Mtoto mdogo asagiwe karanga, zipakwe juu ya kitu kingine. Karoti ya mtoto mdogo ichemshwe kidogo na ikatwe vipande virefu, si vya mviringo. Mtoto atafune amekaa, mtu mkubwa akiwa karibu, asikimbie na muwa mdomoni. Karanga zenye ukungu ama uchungu zitupwe, hata kama zinauma mfukoni. Baada ya muwa, mtoto asukutue maji na jioni apige mswaki, sababu muwa ni sukari.

Kisha vumbi. Hakuna faida ya kumtoa mtoto kwenye dirisha na kumpa muwa uliokaa siku nzima kando ya barabara ya malori. Nunua muwa wenye ganda, umenye nyumbani kwa kisu kilichooshwa. Chagua chakula kinachomenywa ama chenye ganda lake: embe, muhogo, mahindi yenye majani yake. Karoti ikwanguliwe, isioshwe tu. Chakula kilichoanikwa juu ya lami ama chini kandokando ya njia, kiache. Na mikono ioshwe kabla ya kutafuna. Katika nyumba yetu hilo tu lilikuwa vita ya wiki mbili, kisha likazoeleka.

Na mtoto ambaye kinywa chake kinakimbia? Huyo usimshike kichwa na kumlazimisha sombe. Mwachie bukari yake, weka pembeni kitu kipya kidogo kama ukucha, akiguse, akinuse, akiache. Kesho tena. Ukilazimisha leo, umepoteza mwezi.

Najua jibu ambalo wengine mnalo mdomoni tayari. «Wewe wa redio, watu wanatafuta unga wa bukari, wewe unatuletea vitafunio vya ubongo.» Ni neno la haki, na sitalikimbia. Wazee wetu wanakumbuka mposho ya Gécamines, wakati unga na chakula kingine vilifika kwa kila mfanyakazi mwenye watoto. Siku hizo zimekwisha, na mzazi wa leo anahesabu kila noti.

Lakini tazameni noti yenyewe. Ile ya franka 500 inatoka karibu katika kila nyumba, hata ya wahamaji, ikienda kwa bombo, biskuti, maji ya rangi yaliyogandishwa katika mfuko. Sisemi muongeze noti. Nasema ile ile ibadilishe njia. Na vitu vingi nilivyotaja haviongezi hata franka: ukoko wa bukari ulikuwa utupwe, embe bichi limeanguka, kipande cha muhogo kinatoka kwenye ule unaomenya kwa chakula cha jioni. Mtoto apewe kabla ya kazi yenye kuhitaji utulivu: kabla ya kuandika masomo ya nyumbani, kabla ya misa, wakati unamsuka nywele. Kutafuna kwa saa yake kunapunguza kutafuna kwa siku nzima.

Pia sikubali mtu achukue maneno yangu na kuacha kituo cha afya. Mtoto anayekula udongo, plasta, mkaa ama karatasi, aende kwanza kupimwa. Mara nyingi mtoto huyo ana upungufu wa damu, na kwetu malaria na minyoo ni marafiki wakubwa wa upungufu wa damu. Damu ikirudi, hamu ya udongo inaweza kuondoka yenyewe. Mwangalie pia meno: jino lililooza ama linaloota linamfanya mtoto aume kila kitu. Na kama mtoto hazungumzi kama wenzake, hakutazami, hageuki ukimwita, mwambie muuguzi hilo wazi. Muwa utamtuliza, lakini hautachukua nafasi ya msaada mwingine anaouhitaji.

Ninyi walimu, ninawaomba kitu ambacho hakina bei. Mtoto anayetafuna kola anajaribu kukusikiliza. Mruhusu awe na chupa ya maji yenye mrija, ama kipande cha karoti saa ya mapumziko, kabla ya hesabu. Mwite mzazi pembeni, si mbele ya darasa. Mwalimu wa kijana wangu alikubali baada ya mimi kurudi kuzungumza naye, na leo yeye ndiye anayewaeleza wazazi wengine.

Na kwa wakubwa wetu wa jimbo, wa komini na wa makampuni, neno la mwisho. Mzazi anaweza kubadilisha kitafunio. Hawezi kubadilisha vumbi. Sheria ya migodi, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, inalazimisha kila kampuni inayochimba kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa. Hiyo ni pesa yetu kwa sheria, na jamii zina haki ya kukaa mezani inapogawanywa. Mara nyingi pale mezani tunaomba jengo, kwa sababu jengo linaonekana na linafunguliwa kwa mkasi na utepe. Ninawaomba wajumbe wetu waombe pia vitu vidogo: robine ya maji safi karibu na kila masomo, njia za malori zimwagiwe maji kiangazi chote, uwanja mmoja wenye majani ambapo mtoto akianguka haanguki katika vumbi la kobalti, na wauguzi wachache wafundishwe kumsaidia mtoto ambaye kinywa chake kinatafuta. Watoto waliohamishwa wahesabiwe kama wengine. Mtu aliyeondolewa nyumbani na mgodi anaguswa na mgodi kuliko wote.

Kijana wangu bado anatafuna. Sijawadanganya kwamba ameacha. Kola zake zinadumu zaidi, na akiona nimekaa na karatasi zangu usiku, nimeuma biki, ananiletea kipande cha muwa na kusema: «Baba, kinywa chako kinatafuta.»

Yule mama wa binti wa miaka minne alirudi juzi. Mtoto alipimwa, alikuwa na upungufu wa damu na minyoo, akapewa dawa. Kila siku saa kumi anapewa muhogo mtamu ama muwa, na shangazi mwenyewe ndiye anayemenya siku hizi. Ukuta una shimo bado. Wameweka kabati mbele yake.